Jikoni: Biskuti za pembetatu zinafunguka

SWALI: Shikamoo dada. Nimejaribu hamantashen, zile biskuti za pembetatu ambazo Wayahudi huoka sikukuu ya Purimu. Niliweka jamu ya embe. Zikafunguka kwenye oveni, jamu yote ikamwagikia trei. Nimekosea wapi?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba. Kwanza jamu. Ya dukani ni nyepesi. Ikipata moto inachemka na kusukuma kingo. Wenyewe hujaza mbegu za mpopi au plamu kavu, vitu vizito. Wewe tumia tende: gramu 200 bila kokwa, maji nusu kikombe, pika ukikoroga hadi mwiko uache mfereji chini ya sufuria. Ongeza korosho zilizotwangwa, konzi moja (korosho za kwenu hizo, usininyime). Iache ipoe kabisa.

Donge: unga wa ngano gramu 300, sukari 100, siagi 120, yai 1, beking pauda nusu kijiko cha chai. Ikizidi hapo, donge linaumuka na pembe zinaachana. Kwa joto la Mtwara siagi inalegea upesi, basi liweke kwenye friji saa nzima. Sukuma unene wa milimita 4, kata kwa glasi ya sentimita 8, paka ute wa yai ukingoni, weka tende kijiko cha chai kimoja tu. Bana pembe tatu kwa nguvu, katikati pabaki wazi. Rudisha kwenye friji dakika 20, kisha oka nyuzi 180, dakika 12 hadi 15.

Ukitumia mkaa, moto mkubwa uwe juu; chini makaa machache.