Kamera Juu ya Kamba Inarukaruka

SWALI: Nimetengeneza kitoroli cha kamera kinachopita juu ya kamba ya nailoni ya mita 20, kati ya miti miwili. Picha inarukaruka na katikati kinashuka mno. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwanza ni hiyo nailoni, inavutika na kurudi kama mpira. Weka kamba ya poliesta ya milimita 8, uikaze kwa mkanda wa kufungia mizigo ya lori. Lakini usiilazimishe inyooke kabisa! Kitoroli cha kilo 2 kikishuka mita 1 katikati, uzito wake unavuta kila mti kwa takriban kilo 5 ... la, kwa takriban kilo 10. Kikishuka nusu mita tu, kilo 20.

Pili, angalia kamba ya kuvutia. Ukiifunga kwenye kamera, kila mvuto unaibembeza. Ifunge juu, usawa wa makapi, yaani magurudumu ya kitoroli yanayopita juu ya kamba. Makapi yawe mawili, yenye beringi, yaachane sentimita 40 hivi. Kapi moja huacha kitoroli kiinue pua na kuinamisha. Anza kuvuta polepole, simamisha polepole.

Funga kamera kwa kamba ya pili ya akiba, na usipitishe kamera juu ya vichwa vya watu.