Kukatwa mfuko wa chakula, kuunganishwa utumbo au kuwekewa puto: ipi inafaa kisheria?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 36, nakaa Wete, Pemba. Nina kilo 118 na urefu wa sentimita 162. Nina sukari, na kiungulia hakinipi usingizi. Nimepunguza chakula, nimetembea, uzito unashuka kisha unarudi. Daktari wa Dar es Salaam amenitajia njia tatu: kukatwa sehemu ya mfuko wa chakula, kuufanya mfuko mdogo na kuuunganisha na utumbo chini, au kuwekewa puto ndani ya mfuko wa chakula. Kaka yangu anasema zote ni kubadilisha maumbile. Mume wangu hakukataa, ila anataka mtoto wa tatu. Nichague ipi, na saumu yangu itakuwaje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na neno la kaka yako, kwani naona ndilo lililokukwamisha. Aya anayoikusudia ni ya 119 katika Suratu Nnisaa, pale Iblisi anapoapa kuwa atawaamrisha watu wabadili alichoumba Mwenyezi Mungu. Aya ni haki, lakini ameishusha pasipo pahala pake. Wanavyuoni wetu hawakuielewa kuwa inazuia matibabu. Mtume (SAW) amewalaani wanawake wanaochonga meno kutafuta uzuri, na Imamu Nnawawi akabainisha kwamba kilichoharamishwa ni kile kinachofanywa kwa ajili ya urembo. Ama mtu akihitaji kwa matibabu au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani zama za ujahilia, akatia pua ya fedha, ikamnukia. Mtume (SAW) akamwamuru atie ya dhahabu, juu ya kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Na Urwa, mtoto wa Asmaa bint Abi Bakr, alikatwa mguu kwa maradhi, na hakuna aliyemwambia kuwa amebadili maumbile.

Kwa hiyo suala ni moja: haya yako ni maradhi au ni urembo? Madaktari hugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, na kwako inatoka 45 hivi. Tokea 2022 jumuiya kubwa za madaktari wa upasuaji huu zinaupendekeza kuanzia 35, hata kama mtu hana maradhi mengine, na wewe una sukari juu yake. Hayo ni matibabu, tena yenye haja ya kweli. Hata ukifurahi moyoni kwamba dera litakukaa vyema, furaha hiyo haiharibu hukumu. Angeniuliza binti wa kilo 68 anayetaka kukonda kabla ya harusi yake, ningemkataza bila ya kufungua kitabu.

Sasa uchaguzi wenyewe. Nimesikia watu wakisema mcha Mungu achague puto, kwa kuwa halikati kitu. Mimi siafikiani nao. Kanuni ya kuchukua dhara jepesi ili kuepuka dhara zito haipimwi kwa ukubwa wa kisu. Inapimwa kwa dhara la maradhi na dhara la dawa, vyote viwili, na kwa umri mzima. Puto huingizwa kwa mdomo, hujazwa maji au hewa, na mengi hutolewa baada ya miezi 6 hivi. Likishatolewa, wengi uzito huwarudia. Kwa mwenye 45 na sukari, huenda ukatoa fedha nyingi ukabaki palepale. Linafaa kwa mwenye uzito mdogo kuliko wako, au kwa anayepunguza kwanza ili operesheni isiwe ya hatari.

Zimebaki mbili. Katika kukatwa, kiasi cha robo tatu ya mfuko au zaidi hutolewa na hakirudi tena, lakini utumbo hauguswi. Katika kuunganisha, hubakishwa kifuko cha ujazo wa yai la kuku, kikaungwa na utumbo mwembamba, na chakula kikairuka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Nimekaa na daktari wa upasuaji kabla ya kukujibu, akanambia maneno mawili yanayokuhusu: kukatwa kunaweza kuzidisha kiungulia, na kuunganisha kwa kawaida hukipunguza, tena kuna nguvu zaidi juu ya sukari. Kwa hali uliyoieleza, mizani inaelemea kuunganisha. Hilo ni neno la daktari, na sheria inatutuma kwake: "Waulizeni wenye ilimu ikiwa nyinyi hamjui."

Lakini kuunganisha kuna deni lake, na hapa ndipo ninapotaka ujihisabu wewe na nafsi yako. Utameza vitamini, madini ya chuma na kalsiamu maisha yako yote, na B12 pengine kwa sindano. Damu itapimwa kila mwaka. Kipande cha halua au glasi ya sharubati inaweza kukutoa jasho, moyo ukakwenda mbio na tumbo likaharisha. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo kwetu vinauzwa kila duka la dawa, vitakuwa adui yako kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Ukijijua kuwa dawa za sukari zenyewe huzimaliza wiki mbili ukaziacha, na kuvuka bahari kwenda kupimwa ni mtihani, basi mwambie daktari ukweli huo kabla hajachagua. Kujitia katika njia yenye masharti huku umeazimia kutoyatimiza kunakaribia kile alichokikataza Mwenyezi Mungu: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo." Kukatwa nako kunataka vitamini, ila upungufu wake mara nyingi ni mwepesi zaidi.

Ukikatwa, kipande kinachotoka ni sehemu ya mwanadamu, na katika madhehebu yetu ya Shafii ni sunna kizikwe. Kikipelekwa maabara kwanza, si tatizo.

Saumu. Baada ya operesheni hizi mtu hunywa kwa mafunda madogo madogo mchana kutwa, na kukaukiwa na maji ndiko kunakowarudisha wengi hospitali. Ramadhani ya mwanzo huna haja ya kujilazimisha. Wewe ni mgonjwa, na Qur'ani imekwambia ulipe siku nyengine. Angalia hapa, maana kwetu watu hukimbilia kutoa kibaba cha chakula badala ya kulipa siku. Kibaba ni kwa asiyetarajiwa kupona, na wewe unatarajiwa, kwa hiyo utalipa siku. Ikiwa udhuru utaendelea hadi Ramadhani ya pili, deni linabaki ni siku tu, haliongezewi kibaba. Daktari akikuruhusu baadaye, funga, na futari iwe kidogo kidogo; usiivamie sahani ya mbatata za urojo kama zamani. Na ukichagua puto, usilitie wala kulitoa ukiwa umefunga, kwani mpira unaopita kooni hadi tumboni unafunguza.

Kuhusu mtoto, mumeo asikie na yeye. Madaktari hutaka mimba isubiri miezi 12 hadi 18, kwani mwili unapoteza uzito kwa kasi na mtoto hatopata haki yake. Kuzuia mimba kwa muda kwa maafikiano yenu wawili kunajuzu, Masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga manii nje. Ila jueni kwamba uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba hupanda, na baada ya kuunganishwa utumbo vidonge vya majira havitegemewi sana. Ulizeni njia nyengine.

Yapo mawili hukuyauliza. Sindano za kuzuia damu kuganda, ambazo hupigwa baada ya operesheni, nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Uliza mapema kama ipo badali. Fondaparinuksi, kwa mfano, haitokani na mnyama. Isipopatikana au isipokufaa, chukua hiyo iliyopo, kwani damu iliyoganda ikifika mapafuni inaua, na Mashafii wameruhusu kujitibu kwa najisi pale kisipopatikana kilicho twahara cha kushika nafasi yake. Mpasuaji akiwa mwanamke mwenye ujuzi ndio bora. Asipokuwepo, mwanamume anafaa, na asikae nawe faragha.

Bendeji za tumboni hazigusi udhu wako, kwani tumbo si kiungo cha udhu. Ni katika kuoga janaba au hedhi ndipo utaosha mwili uliobaki, upanguse juu ya bendeji kwa maji, na utayamamu. Ukishindwa kusimama, sali umekaa.

Wallahu a'lam.