Kabla hujafungua kitabu cha darasa la tatu, msikilize kila mtoto akisoma

Nafundisha shule ya msingi mkoani Shinyanga, na kwa miaka kadhaa mfululizo nimekuwa nikipewa darasa la tatu. Mwaka jana nilipokea watoto 84. Mmoja wao alikuwa mvulana mrefu kuliko wenzake, anakaa dawati la nyuma karibu na dirisha, na darasa likisoma kwa pamoja sauti yake ndiyo inayoongoza. Moyoni nilishamweka upande wa wanaojua.

Wiki ya pili ya muhula nikamwita nje, chini ya mwembe, nikampa kitabu chake. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, macho yake yakinitazama mimi. Nikafunga kitabu, nikampa karatasi niliyoiandika kwa mkono usiku uliopita: "Bibi anauza dagaa sokoni." Akaanza vizuri, "Bibi ana...", akasita kidogo, kisha akamalizia kwa furaha, "...anapika ugali." Nikamwonyesha silabi moja tu, bo. Akaanza kunong'ona huku vidole vikihesabu: ba, be, bi, bo. Kila silabi niliyomwonyesha ilibidi aanzie mwanzo wa mstari mpaka aifikie. Miaka miwili alikuwa ameukariri wimbo wa silabi, na wimbo huo ndio uliokuwa ukimvusha. Alipokutana na mbo, wimbo ukaisha.

Mtoto huyu alipita mikononi mwa walimu wazuri. Hakuna aliyemtupa. Darasa la watoto themanini na zaidi, wote wakijibu kwa sauti moja, linamficha mtoto vizuri sana, naye hajui kwamba amejificha. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu, hasa wa darasa la tatu na la nne: kabla hujafungua kitabu cha mwaka huo, kaa na kila mtoto peke yake dakika tano, umsikilize.

Kipimo chenyewe si kigumu. Wahindi walianza mwaka 2005 na upimaji unaoitwa ASER, ambapo watu wa kujitolea huenda nyumba kwa nyumba na karatasi moja na kumwomba mtoto mmoja mmoja aisome. Huku kwetu mpango wa upimaji unaoitwa Uwezo ukauchukua mtindo huo tangu mwaka 2009, Tanzania, Kenya na Uganda. Mimi niliiga kwa ajili ya darasa langu. Karatasi yangu ina sehemu nne: silabi, maneno, aya fupi ya sentensi nne, na hadithi ndogo yenye maswali mawili mwishoni. Naanzia kwenye aya. Akiisoma bila shida, nampandisha kwenye hadithi. Akikwama, namshusha kwenye maneno, achague matano anayoyataka; akipata manne, hapo ndipo alipo. Akishindwa, tunashuka kwenye silabi. Mtoto anayeanzia katikati hachoki, na asiyejua hateseki kwa muda mrefu.

Andika matini yako mwenyewe, tena ibadilishe kila unapopima. Watoto hupashana habari haraka mno, na kufikia siku ya tatu nusu ya darasa wanaijua habari ya bibi na dagaa. Weka pia maneno machache yasiyo na maana, kama "lopi". Neno la namna hiyo mtoto hawezi kulikisia wala kulikumbuka. Analisoma au halisomi.

Jambo jingine ambalo sisi wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuliangalia kwa makini: watoto wetu wengi wanazungumza Kisukuma nyumbani, na sauti ya r inawatoka kama l. Mtoto akiiona "rafiki" akatamka "lafiki", ameisoma. Mpe alama yake. Siku nyingine mtamfundisha matamshi, ila usimshushe kundi kwa sababu ya ulimi wa mama yake.

Na usiache kuuliza maswali ya hadithi. Nilikuwa na msichana anayesoma kwa kasi ya kupendeza, hakosei hata herufi. Hadithi ilihusu mbuzi aliyepotea akakutwa shambani kwa jirani. Nikamuuliza, "Mbuzi alikutwa wapi?" Akainama kutafuta kwenye karatasi, akanisomea tena sentensi ya kwanza. Nikauliza tena, akanisomea ya pili. Kwake kusoma kulikuwa kutamka. Ningeishia kuhesabu maneno kwa dakika, ningemwambia mama yake kwamba mtoto yuko vizuri kabisa. Kasi ina faida, maana mtoto anayejikongoja silabi kwa silabi akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Lakini ukiwaonyesha watoto saa, wataanza kukimbia. Siku hizi saa naiweka mapajani.

Upande wa hesabu nilijifunza kwa kuchelewa. Mwanzoni niliwapa wote karatasi ya maswali ya kuandika, nikasahihisha, nikapanga kwa alama. Nikakuta baadhi ya waliopata sifuri wanauza karanga na nyanya na kurudisha chenji bila kukosea. Walikuwa wameshindwa kuyasoma maswali! Tangu hapo swali la hesabu nalisoma mimi kwa sauti, au nampa mtoto namba tupu: azitambue, aseme ipi kubwa, ajumlishe, atoe. Kisha namuuliza, "Umefikaje hapo?"

Swali hilo ndilo linalonipa kazi ya kesho yake. Chukua 52 kutoa 27. Watoto wengi wataandika 35. Ukiishia kuweka kosa, umejua tu kwamba hajui. Ukimuuliza, atakwambia: mbili haitoi saba, kwa hiyo nimechukua saba nikatoa mbili, nikapata tano. Ametunga kanuni yake, kwamba kubwa hutolewa ndogo popote zilipo, na anaifuata kwa uaminifu. Mazoezi mia moja ya kutoa hayatamsaidia, atayakosa yote kwa namna ileile. Au mwambie aandike mia mbili na kumi na tano. Ukiona 20015, ujue anaandika anavyosikia: mia mbili ni 200, kumi na tano ni 15, anaziunganisha. Shida yake ni nafasi za mamoja, makumi na mamia, wala si uzembe.

Kwa wale wa 35 nilitumia vijiti vya mtama, kumikumi, nimevifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Hamsini na mbili: mafungu matano na vijiti viwili. Nikasema, "Nipe ishirini na saba." Msichana mmoja akanipa mafungu mawili, akanipa vijiti vyake viwili, akabaki anayatazama mafungu matatu yaliyobaki. Sikusema kitu. Alikaa muda mrefu, kisha akavuta mpira taratibu, vijiti vikamwagika mezani. "Kumbe unafungua!" akasema. Akahesabu vitano, akanikabidhi, akabaki na 25. Kuanzia wiki hiyo sikuiona tena 35 kwenye daftari lake.

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu ningependa usilirudie. Mwaka wa kwanza nilipopima, nilibandika majina ukutani kwa makundi, la kwanza mpaka la nne. Nilidhani nawatia moyo. Baada ya wiki mama mmoja alikuja, akasimama mlangoni ameshika kanga yake, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwanangu hata kisimani wanamwita kundi la nne." Niliyabandua siku ileile, lakini mtoto yule alishaacha kunyoosha mkono darasani na ilinichukua muhula mzima kumrudisha. Siku hizi matokeo yanakaa kwenye daftari langu. Makundi yanaitwa kwa kazi yanayofanya: wa maneno, wa aya, wa hadithi. Na hakuna anayepimwa mbele ya wenzake. Mtoto mwenye aibu akiwa na macho themanini mgongoni atanyamaza, nawe utaandika hajui.

Halafu angalia macho na masikio yake. Mtoto anayeileta karatasi puani, anayegeuza kichwa upande mmoja kila unapoongea, huyo mwombe mzazi ampeleke kituo cha afya kabla hujampanga kundi lolote. Mmoja wangu alisoma aya nzima nilipoiandika ubaoni kwa herufi kubwa, naye kwenye karatasi hakuvuka neno la pili.

Kila nikilisimulia hili, swali linalonijia ni la muda. Watoto 84 nitawapimaje? Niliwapima 12 kwa siku, siku saba za shule, mwenzangu akiwasimamia wengine kwenye mwandiko. Baada ya hapo tukakubaliana, mimi na walimu wa darasa la nne na la tano, kwamba kila siku saa moja ya kwanza watoto wa madarasa yote matatu wanagawanyika kwa kiwango, si kwa darasa. Mmoja anachukua silabi na maneno, mwingine aya, mwingine hadithi. Kundi la silabi lilipewa mwalimu mzoefu kuliko sisi sote, tena tulilipunguza liwe dogo. Nimeona shule zikimpa kundi hilo mwalimu wa mazoezi aliyefika jana. Huko ni kuwaacha watoto wale pale walipo. Saa hiyo ikiisha kila mtu anarudi darasani kwake na mtaala unaendelea.

Wapo wanaohofu kwamba kuwagawa kutawaumiza walio chini. Hofu hiyo ina haki yake, na mama wa kisimani alinifundisha kuiheshimu. Lakini magharibi mwa Kenya watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 121 za msingi ambazo darasa la kwanza liligawanywa mikondo miwili. Kwenye baadhi waligawanywa kwa uwezo wao wa mwanzo, kwenye nyingine kwa bahati nasibu. Walipogawanywa kwa uwezo, wa juu na wa chini wote walisonga mbele, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo. Kremer na wenzake walikuwa wameshaona huko Kenya kwamba kugawa vitabu vya kiada peke yake kuliwainua zaidi wale waliokuwa mbele tayari. Mtoto wangu wa ba, be, bi, bo alikuwa na kitabu kipya, safi, kimejaladiwa kwa gazeti.

Kinachoumiza ni kumpanga mtoto kundi na kumsahau humo. Rudia kupima kila baada ya wiki sita, na aliyevuka mhamishe siku hiyohiyo, asisubiri muhula kuisha. Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne una kazi yake, ila unafanyika mwaka ukiwa unaisha; haukusaidii kujua Jumatatu ufundishe nini. Na kama umeshapima na huna nafasi wala nia ya kubadilisha chochote, bora muda huo ungewasomea watoto hadithi.

Mzazi unayesoma hapa, huhitaji ruhusa ya shule. Chukua kipande cha gazeti au karatasi ya tangazo ambayo mtoto hajawahi kuiona, kaeni pembeni, mwombe akusomee mistari mitatu. Halafu muulize imesema nini. Akishindwa usimkaripie, nenda kwa mwalimu wake ukamweleze ulichokiona, alikwama wapi hasa. Taarifa hiyo mwalimu mwenye watoto 84 anaihitaji kuliko unavyodhani.

Mvulana wa mwembe tulimfundisha silabi kwa kuzichanganya: kadi ndogo za maboksi ya sabuni, zinachezwa kama karata, hakuna kuzipanga kwa mpangilio wa wimbo. Kipimo cha pili alikuwa kwenye maneno. Kipimo cha tatu alisoma aya, polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno na macho yakiwa kwenye karatasi. Watoto watatu wa kundi lake mpaka shule inafungwa Desemba walikuwa bado kwenye silabi. Wawili kati yao wanakosa shule wiki nzimanzima wakati wa kuchunga na wa kuvuna mpunga, na mmoja yupo kila siku, anajitahidi, na sijapata bado njia yake. Mwaka huu wako darasa la nne. Nimemwomba mwalimu wao aniachie ile saa ya kwanza, na daftari lao bado liko kwangu.