Maswali ya Wasomaji: Samaki Wanaong'aa Kijani na Kemikali za Majini

SWALI: Nasikia wako samaki waliobadilishwa jeni ambao hung'aa wakikutana na sumu. Je, hung'aa kwa sumu ya aina yoyote? (Mwalimu wa biolojia, Tanga)

JIBU: Hapana, Mwalimu. Kila aina imetengenezwa ijibu swali moja tu. Inayotumika sana ni danio, samaki mdogo mwenye mistari ambaye asili yake ni mito ya Asia Kusini. Katika ubongo wake kuna jeni iitwayo cyp19a1b, ambayo huwashwa na estrojeni, homoni ya kike. Wanasayansi walichukua kiwashio cha jeni hiyo wakakiunganisha na jeni ya protini ya kijani ya GFP, iliyotoka kwa Aequorea victoria, mnyama wa baharini mwenye mwili laini kama jeli. Kemikali ikishika vipokezi vya estrojeni, kiwashio kinafanya kazi, GFP inatengenezwa, na ubongo wa kiinitete unaonekana wa kijani ukimulikwa kwa mwanga wa buluu.

Zebaki, risasi au dawa ya wadudu isiyogusa vipokezi hivyo inaweza kumuua samaki huyo bila ubongo wake kung'aa hata kidogo. Kwa hiyo kutong'aa hakumaanishi kwamba maji ni salama.

Kwa homoni za kiume kuna samaki mwingine, medaka, aliyewekewa kiwashio cha jeni ya spiggin. Hiyo ni jeni ya gundi ambayo dume la samaki mwiba hutumia kujengea kiota chake. Kwake mng'ao husomwa kwenye figo. Jaribio la danio lilikubaliwa na OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, mwaka 2021 kama mwongozo namba 250. La medaka lilifuata mwaka 2022, namba 251.

SWALI: Naomba hatua za jaribio la danio, hasa kwa sampuli za maji ya mto. (Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro)

JIBU: Anza na chupa. Chukua maji kwa chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa methanoli, kwa sababu homoni hunata kwenye plastiki, na baadhi ya plastiki huachia bisfenoli A, ambayo yenyewe hufanya kazi kama estrojeni. Hifadhi gizani kwenye nyuzi 4, kisha chuja.

Homoni za mtoni huwa katika kiwango cha nanogramu kwa lita, hivyo mara nyingi lazima uzikusanye. Pitisha maji kwenye katriji ya C18, yaani mrija wenye chembechembe zinazonasa homoni, zitoe homoni kwa methanoli, kausha, kisha yeyusha mabaki katika kiyeyushi kiitwacho DMSO. Hapa wengi hukosea hesabu. DMSO isizidi asilimia 0.01 ya maji ya jaribio, yaani mikrolita 2.5 katika mililita 25. Ukiyeyusha mabaki ya lita 1 ya mto katika mikrolita 100 za DMSO, zile mikrolita 2.5 zinabeba homoni za mililita 25 za mto, kwa hiyo umerudi palepale, mara 1. Ukitaka mkusanyiko wa mara 10, anza na lita 10 kwa mikrolita 100 zilezile.

Weka mayai 20 yaliyorutubishwa katika kila bakuli la kioo, kabla hayajatimiza saa 4 tangu kurutubishwa, kwenye nyuzi joto 28 hivi. Badilisha maji yote kila siku na uondoe yaliyokufa. Pamoja na sampuli, weka bakuli la maji safi, la DMSO peke yake, na la ethinilestradioli, homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, kwa nanogramu 15 hivi kwa lita. Bakuli hili la mwisho lisipong'aa, usisome matokeo mengine yoyote. Jaribio zima limekufa.

Saa 96 zikitimia, walaze samaki kwa dawa ya usingizi, uwapige picha kichwani kutoka juu. Muda wa kupokea mwanga wa kamera uwe uleule kwa picha zote. Ukiuongeza ili samaki hafifu aonekane vizuri, umeharibu ulinganisho. Matokeo huandikwa kwa kusema mng'ao umezidi mara ngapi ule wa kundi la DMSO.

SWALI: Sampuli yetu iling'aa sana, lakini mashine ya kemikali haikuona estrojeni. Nani anasema kweli? (Fundi wa maabara, Nairobi)

JIBU: Huenda wote wawili. Mashine hutafuta majina uliyoipa, samaki huonyesha kazi inayofanyika mwilini. Kemikali kadhaa dhaifu zikijumlishwa humwasha. Tena kiinitete kina vimeng'enya vyake, na baadhi ya homoni za kiume huweza kugeuzwa ndani yake zikawa na nguvu ya estrojeni.

Kwanza, lakini, ondoa mng'ao wa uongo. Kiini cha yai hung'aa chenyewe, na tishu inayokufa pia. Ndiyo maana hupimwa ubongo wa samaki hai tu. Weka sampuli ileile kwa danio wasiobadilishwa jeni: wakionekana kijani, rangi imetoka kwenye sampuli. Kisha rudia kwa samaki waliobadilishwa ukiongeza fulvestranti, inayoziba vipokezi vya estrojeni. Mng'ao ukizimika huku samaki wakiwa wazima, estrojeni ipo kweli. Kinyume chake pia hutokea: sampuli kali mno hudhoofisha viinitete na mng'ao hushuka, kwa hiyo pima viwango kadhaa vilivyopunguzwa makali.

SWALI: Naweza kuwafuga bwawani wanilindie sato wangu? (Mfugaji, Kisumu)

JIBU: Hapana, ndugu mfugaji. Mng'ao huo husomwa kwa hadubini kwenye kiinitete cha siku 4, wala huwezi kuuona ukiwa ukingoni mwa bwawa. Tena Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009, inayodai kibali hata kwa kazi ya ndani ya maabara. Tahadhari hiyo ina sababu: danio wa mapambo waliobadilishwa jeni walitoroka kwenye mashamba ya kufugia samaki nchini Brazil, na mwaka 2022 watafiti waliripoti kwamba wanazaliana kwenye vijito. Ukihofia maji yako, peleka sampuli maabara, na uwaeleze kuna nini upande wa juu wa mto: mtaro wa maji taka, kiwanda au shamba linalopuliziwa dawa.