Njia ya gari imepasuka: tupake dawa ya lami Jumamosi hii?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, na nyumba tumeinunua mwaka jana. Njia ya gari ni ya lami, kama futi 20 kwa 40, na imepauka hadi rangi ya majivu. Ina nyufa mbili ndefu zinazoingia ncha ya kidole, na nyasi zimeota ndani yake. Karibu na gereji, pale bomba la maji ya paa linapomwaga, pamekatika vipande vipande kama udongo wa bwawa lililokauka. Sasa ni Mei, theluji imekwisha, na jirani ametupa ndoo mbili za dawa nyeusi ya kupaka zilizokaa gerejini kwake miaka. Mume wangu anataka tupake Jumamosi hii. Tuendelee?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwambie shemeji asubiri, na hizo ndoo msizipake kabla ya kusoma lebo.

Zikiwa zimeandikwa "coal tar", yaani lami itokanayo na makaa ya mawe, ziacheni kabisa. Minnesota imepiga marufuku kuiuza na kuipaka tangu 1 Januari 2014. Magari na mvua huichubua ikawa unga, unga ukabebwa na maji hadi kwenye mabwawa na mito, na ndani yake mna kemikali ambazo baadhi huleta saratani. Watoto nao huingia na unga huohuo ndani kwa miguu. Mji wa Austin, Texas, uliikataa mwaka 2005, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011. Msimwage kwenye mtaro wala msitupe kwenye pipa la taka. Kaunti yenu ya Hennepin ina kituo cha kupokea taka hatari za majumbani hapohapo Brooklyn Park.

Zikiwa ni za lami ya kawaida iliyochanganywa na maji, zikorogeni kwanza kwa kijiti kirefu. Gereji isiyo na joto huganda wakati wa baridi, na dawa ya aina hii ikishaganda mara moja haifai tena. Mkiona mabonge kama maziwa yaliyokatika, nunueni nyingine.

Sasa nije kwenye jambo kubwa, ambalo umelitaja kwa kupita tu: bomba la paa. Nyumbani wengi tumezoea kutandika vitofali vya saruji uani. Kimoja kikizama unaking'oa, unasawazisha mchanga, unakirudisha. Lami si hivyo. Ni kokoto na mchanga vilivyogandishwa kwa bitumini, ile gundi nyeusi, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya uzito wote, na chini yake pana kifusi kilichoshindiliwa. Nguvu kubwa ya kubeba gari iko kwenye kifusi hicho. Kikilowa, lami ya juu inabaki kama chapati juu ya uji: gari likipita inapinda, na ikipinda inakatika.

Piga goti hapo karibu na gereji, uchomeke bisibisi katikati ya vipande. Ikizama bila kulazimishwa, kifusi kimeshaoza kwa maji, na hakuna dawa ya kupaka itakayoponya hapo. Nimemwona mteja aliyepaka juu ya mahali pa namna hii mwezi wa Septemba, pakang'aa vizuri sana. Machi iliyofuata nilikuta vipande vinanyanyuka kimoja kimoja kama kashata, kila kimoja na weusi wake juu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na huko kwenu mwezi wa Machi yanaganda usiku na kuyeyuka mchana, siku baada ya siku.

Kwa hiyo kazi ya Jumamosi hii ni bomba. Liungieni kipande kirefu kimwage maji kwenye majani, mbali na lami na mbali na ukuta wa nyumba. Pakishakauka, kata lami mbovu kwa mraba hadi ufikie iliyo nzima, toa tope lote, jaza kokoto zilizosagwa na kushindilia kidogo kidogo. Juu weka lami baridi ya mifuko, inchi mbili kwa mara moja, ukishindilia kila tabaka kwa chuma kizito, na la mwisho liache limezidi usawa kidogo kwa sababu magari yatalikandamiza. Hiyo ni kwa eneo dogo. Likizidi ukubwa wa mlango wa nyumba, mimi ningemwita mkandarasi aweke lami ya moto. Ila asiwe yule anayegonga mlango akisema amebakiwa na lami kutoka kazi ya jirani na atakupa kwa bei ya bure. Huo ni utapeli wa siku nyingi.

Nyufa mbili ndefu mnaweza kuziba sasa hivi. Ng'oa nyasi na mizizi yake, kwangua kuta za ufa kwa brashi ya waya, puliza vumbi lote, subiri ukauke hasa. Hapa ndipo watu wanapoharakisha, halafu wanalalamika kwamba kiziba ufa hakishiki. Hakiwezi kushika vumbi. Ufa wenye kina kirefu ujaze kwanza kamba ya sponji, ndipo umimine kiziba ufa chenye mpira, ambacho hutanuka na kunywea pamoja na lami.

Kupaka kuwe Juni au Julai. Dawa inataka joto lisiloshuka chini ya nyuzi 50 za Farenhaiti, usiku pia, na saa 24 bila mvua. Usiku wa Mei huko kwenu hauaminiki. Osheni lami kwa sabuni, na madoa ya oili yasuguliwe kisha yapakwe praima yake, yaani dawa ya awali ya kushikisha, la sivyo dawa itabanduka hapohapo. Anzeni gereji mkirudi nyuma kuelekea barabarani, kwa brashi pana ya mpira yenye mpini mrefu. Pakeni mikono miwili myembamba, yaani mpake mara mbili, kwani mmoja mzito hukauka juu tu na kuchanika. Ndoo ya galoni 5 hufunika kama futi za mraba 350 hadi 400 kwa mkono mmoja. Zenu ni 800, basi nunueni ndoo 5, na magari yalale barabarani siku mbili.

Msirudie kila mwaka, hata dukani wakiwashauri hivyo. Matabaka yakilundikana huanza kubanduka. Kila masika mwagia maji kikombe kimoja juu ya lami. Yakisimama kama matone kwenye jani la mgomba, iacheni. Yakinywewa na lami ikabadilika kuwa nyeusi, hapo ndipo mpake tena, na mara nyingi itakuwa mwaka wa tatu au wa nne.