Umefunga, umekesha, na bado unahisi Mungu kanuna?

Bwana asifiwe wapendwa. Meseji mlizonitumia safari hii nyingi zinasema kitu kimoja, watu wameokoka ila wamechoka, kwa hiyo zinazofanana nimeziunganisha.

Nilikuwa naamka saa tisa usiku kuomba. Tangu niingie shifti ya usiku nimeshindwa, na juzi mtoto kaumwa, nahisi Mungu ananiadhibu. (Dada, Morogoro)

Pole sana dada, kama mtoto bado anaumwa mpeleke hospitali kwanza, haya mengine yatasubiri. Sasa nani kakwambia Mungu anawapa watoto homa kwa sababu mama yao yuko kazini? Mi naona hii hofu ni ile ile ya mizimu, kwamba usipotoa kitu watakasirika, tukaingia nayo kanisani tukaibadilisha jina tu. Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, haijaongeza "isipokuwa wa shifti ya usiku". Omba ukiwa kwenye daladala, ukifika nyumbani lala, na usingizi wenyewe Zaburi 127 inasema ni yeye anampa mpenzi wake.

Mtumishi, ukihubiri neema hivi watu si watabweteka? (Mzee wa kanisa)

Mzee wangu shikamoo, hilo swali Paulo alishakutana nalo, soma Warumi 6. Ila mi nakupa mfano wa John Wesley, yule mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Wamethodisti. Akiwa chuo cha Oxford alikuwa anafunga Jumatano na Ijumaa, anatembelea wafungwa, 1735 akavuka bahari hadi Georgia, kule Marekani, kuhubiri, tayari ni kasisi kabisa, na bado moyoni hana amani, akarudi Uingereza amevunjika. Tarehe 24 Mei 1738 kakaa kwenye mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, mtu anasoma maneno ya Martin Luther, yule wa Walutheri, kuhusu Warumi, ndo akapata uhakika kwamba Kristo kamwondolea dhambi zake, yeye mwenyewe. Je alibweteka? Alihubiri miaka hamsini na kitu juu ya farasi mpaka uzee! Kazi haikupungua, kilichoisha ni kuifanya ili akubalike. Wengi wetu bado tuko kule Georgia.

Niko kwaya, kamati ya ujenzi, sandei skuli, na grupu la maombi la WhatsApp mi ndo admini. Nikikosa Jumapili moja nahisi nimetenda dhambi.

Mpendwa, soma 1 Wafalme 19. Eliya katoka kushusha moto Karmeli, kachoka mpaka anaomba afe, kalala chini ya mti. Malaika kaja, hakumpa semina wala hakumuuliza mbona umeacha huduma, kamgusa kamwambia inuka ule, kuna mkate umeokwa juu ya makaa na maji pale kichwani. Akala akalala TENA, akaamshwa akala tena, safari ya mlima Horebu ndo ikafuata. Kwa hiyo wewe achia mbili, na ningeanza na uadmini maana ile simu ikilia saa sita usiku hata mwenzio nyumbani hapumziki. Mwenyekiti akinuna, atanuna yeye, sio Mungu.

Dhambi ni ile ile, naitubu kila mara. Mungu hajanichoka?

Hajakuchoka. Tubu tena, na safari hii mwambie na mtu mzima mmoja unayemwamini, maana ukipambana nayo kimya kimya peke yako itakusumbua sana.

Mwezi huu nikitoa zaka sina kodi ya nyumba. Nitalaaniwa?

Hapana. Wagalatia 3:13, laana Kristo alishaibeba msalabani, na 2 Wakorintho 9:7 inasema mtu atoe si kwa huzuni wala kwa lazima. Lipa kodi, ukipata hata buku la kutoa kwa furaha, toa.