Feni ya tanuru la gesi inavuma bila kuzunguka: mbovu ni mota au bodi?

Swali: Fundi, ninaishi Minneapolis, Marekani, na nyumba yetu hupashwa joto kwa tanuru la gesi. Siku hizi moto unawaka vizuri, lakini feni inavuma tu bila kupuliza hewa; baada ya dakika chache moto unazimika, kisha unawaka tena. Aliyekuja kulitazama anataka kubadilisha bodi, yaani kadi ya umeme inayoendesha tanuru, pamoja na mota. Je, ni lazima?

Jibu: Si lazima, na nakushauri usilipie kifaa chochote kabla hakijapimwa. Huko kuzimika kwa moto si ubovu: hewa isiposukumwa, joto hurundikana ndani ya tanuru hadi swichi ya usalama ikakata gesi, kwa hiyo mtu asije akaunganisha nyaya za swichi hiyo moja kwa moja ili moto uendelee kuwaka.

Ikiwa mvumo unatoka kwenye mota yenyewe, basi umeme unaifikia, na bodi haina hatia. Kwa kawaida bodi husubiri kama nusu dakika baada ya moto kushika, ndipo rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme) inaposikika ikigonga na kupeleka umeme wa volti 120 kwenye ncha iliyoandikwa HEAT. Wakati huo, fundi mwenye uzoefu aweke ncha moja ya multimita (kipima umeme) hapo na nyingine kwenye nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Akipata volti 120 huku feni imesimama, tatizo liko upande wa mota; asipopata kitu ilhali rilei imekwisha kugonga, aifungue bodi na kuitazama kwa nyuma, kwani mara nyingi risasi ya kulehemu huwa imepasuka au imeungua na kuacha doa la kahawia.

Kwa dalili zako, mimi ningeanza na kapasita, kile kikopo kidogo cha bati kilichounganishwa na mota ili kuisaidia kuanza kuzunguka; kikichoka, mota huvuma tu. Zima umeme kwenye swichi kuu, na kapasita itolewe chaji kabla ya kuguswa, maana hurusha shoti hata umeme ukiwa umezimwa. Iliyoandikwa mikrofaradi 10 (kipimo cha chaji inayoweza kubeba) ikisoma 6 kwenye multimita, imechoka; nunua yenye mikrofaradi zilezile, na volti zisizopungua zile za awali. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya mota, nami nimekwisha kuona mota nzima ikitupwa kwa ajili yake. Kisha lizungushe gurudumu la feni kwa mkono: likiwa zito au likikwaruza, beringi zimekufa, na hapo mota haina budi kubadilishwa.

Haya yote yanahusu mota ya kawaida yenye kapasita. Mota ya aina ya ECM, yaani inayoendeshwa na elektroniki zake yenyewe, hupimwa kwa njia nyingine, na plagi zake hazichomolewi umeme ukiwa unapita.

Muulize fundi wako alipata volti ngapi kwenye HEAT na mikrofaradi ngapi kwenye kapasita. Asipokuwa na tarakimu za kukupa, mwite mwingine.